Kusoma Msimbo wa Kodi na Kudai Kilichokatwa Zaidi

Msimbo wa kodi ni maandishi mafupi, aghalabu tarakimu nne na herufi moja, yanayoonekana kwenye hati ya mshahara ya mfanyakazi nchini Uingereza. Mwajiri hana habari ya kazi nyingine aliyonayo mfanyakazi wake, wala pensheni yake, wala deni lake la kodi la mwaka uliopita. Anachokijua ni msimbo aliopewa na HMRC, mamlaka ya mapato ya nchi hiyo, na hukata kodi kwa kuufuata huo. Msimbo ukikosewa, makato nayo hukosewa mwezi baada ya mwezi, na ni vigumu mtu kushtuka kwa sababu hesabu za kwenye hati zinajumlishika sawasawa.

Msimbo wa kawaida ni 1257L. Tarakimu zake zinatokana na pauni 12,570, kiasi ambacho tangu mwaka wa kodi wa 2021/22 mtu huruhusiwa kupata kwa mwaka bila kutozwa kodi ya mapato. Tarakimu ya mwisho huondolewa, ikabaki 1257. Herufi L huonyesha kwamba anayehusika anapata kiasi hicho cha kawaida. Tarakimu zikiwa pungufu, kwa mfano 1100L, maana yake HMRC imepunguza kitu humo: gari la kampuni, bima ya afya inayolipwa na mwajiri, pensheni ya serikali, au kodi ya nyuma inayorudishwa kidogo kidogo. Makato hayo yakizidi kiasi chote kisichotozwa kodi, msimbo huanza na K. Herufi S mwanzoni ni ya mkazi wa Uskoti, ambako viwango vya kodi ni tofauti, na C ni ya Wales. M huonyesha kwamba mtu amepokea sehemu ya kiasi kisichotozwa kodi cha mwenzi wake wa ndoa, na N kwamba ameitoa yeye.

BR, 0T na W1 au M1 zinastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa kuwa humo ndimo fedha nyingi hupotelea. Aliyezoea mfumo wa Kenya, ambako mwenye mshahara hupunguziwa kodi ya shilingi 2,400 kila mwezi bila msimbo wowote, anaweza kudhani kila mwezi wa Uingereza nao unajitegemea. Sivyo. Mwaka wa kodi huanza tarehe 6 Aprili na kuishia 5 Aprili, na msimbo wa kawaida hujumlisha hesabu tangu siku ya kwanza. Miezi ambayo mtu hakufanya kazi haipotei. Kiasi chake kisichotozwa kodi humsubiri. Lakini msimbo ukifuatwa na W1, M1 au X, huo ni msimbo wa dharura, na kila wiki au mwezi huhesabiwa peke yake kana kwamba hakuna kilichotangulia.

Mfano ni mtu anayeanza kazi mwezi Oktoba kwa mshahara wa pauni 2,000 kwa mwezi, akiwa hajapata kipato chochote tangu Aprili. Kwa msimbo wa dharura atakatwa takriban pauni 190 kila mwezi. Hadi Aprili atakuwa amepata pauni 12,000, kiasi ambacho hakifiki hata kwenye mpaka wa kutozwa kodi, na bado zaidi ya pauni 1,100 zimekwenda. Zote ni zake na zinarudi. Michango ya National Insurance, yaani bima ya jamii ya Uingereza, ni jambo jingine: huhesabiwa kwa kila kipindi cha malipo, kwa hiyo hairudi kwa sababu hiyo.

Chanzo cha msimbo wa dharura mara nyingi ni karatasi ya siku ya kwanza kazini. Asiye na P45, hati ambayo mwajiri wa awali humpa anayeondoka, hujaza fomu yenye kauli tatu. Kauli A ni ya ambaye hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza tangu 6 Aprili. B ni ya aliyekuwa na kazi nyingine ambayo imekwisha. C ni ya aliye na kazi nyingine au pensheni hadi sasa. Anayetia alama kwenye C kwa haraka hupewa BR, yaani asilimia 20 tangu pauni ya kwanza. Asiyejaza kabisa hupewa 0T, ambayo nayo haina kiasi cha msamaha.

BR si kosa kila mara. Kwenye kazi ya pili ndiyo inayotarajiwa, mradi kazi ya kwanza imemaliza zile pauni 12,570. Wahudumu wa wazee na wasafishaji wenye kazi mbili ndogo ndio huumia hapa. Mwenye pauni 9,000 katika kila kazi, ya kwanza ikiwa na 1257L na ya pili BR, hukatwa pauni 1,800 kwenye ile ya pili. Kodi yake halali kwa jumla ya pauni 18,000 ni pauni 1,086, kwa hiyo pauni 714 zimezidi. Dawa ni kuiomba HMRC igawanye kiasi cha msamaha kati ya kazi hizo mbili.

Ukaguzi wenyewe huanza na P60, hati ya mwaka mzima ambayo mwajiri anatakiwa kuitoa kabla ya mwezi Mei kwisha. Kwa mtu wa kipato cha kawaida anayeishi nje ya Uskoti hesabu ni fupi: jumla ya mapato yote ya mwaka, toa 12,570, kisha asilimia 20 ya kinachobaki. Mapato ya pauni 24,000 yanadaiwa pauni 2,286. Hati ikionyesha zaidi ya hapo, kuna la kuuliza. Hatua inayofuata ni akaunti binafsi ya kodi kwenye tovuti ya gov.uk au programu ya simu ya HMRC, ambamo imeorodheshwa kila kazi inayojulikana na kipato kinachokisiwa. Humo makosa hujitokeza: kazi iliyokwisha ambayo bado ni hai kwenye kumbukumbu, gari lililokwisha rudishwa, makisio ya mshahara wa zamani. Yote hurekebishwa papo hapo bila malipo. Asiye na intaneti hupiga 0300 200 3300, na anayebanwa na Kiingereza anaruhusiwa kuwa na jamaa wa kumfasiria.

Msimbo ukisahihishwa kabla ya mwaka kwisha, mwajiri hurudisha kilichozidi ndani ya mshahara unaofuata, bila fomu. Mwaka ukishakwisha, HMRC hulinganisha kumbukumbu zake na kuwatumia wahusika barua iitwayo P800, kwa kawaida kuanzia mwezi Juni. Barua ikisema fedha zinadaiwa mtandaoni, ni lazima kuzidai. Zikidaiwa hivyo, kwa kawaida huingia benki ndani ya siku tano za kazi. Ambaye hakupata barua anaweza kudai mwenyewe kwa miaka minne iliyopita: kodi ya mwaka ulioishia 5 Aprili 2023 inadaiwa hadi 5 Aprili 2027.

Yapo madai madogo ambayo hayaingii kwenye msimbo mpaka yaombwe. Muuguzi anayefua sare zake mwenyewe, asiyelipwa na mwajiri kwa kazi hiyo, hutambuliwa gharama ya pauni 125 kwa mwaka, sawa na pauni 25 za kodi. Mume au mke asiyefikisha 12,570 anaweza kumhamishia mwenzake anayelipa kodi ya asilimia 20 pauni 1,260 za msamaha wake, na nyumba ikaokoa hadi pauni 252 kwa mwaka.

Hayo ndiyo madai ambayo mawakala huyatangaza zaidi, wakijilipa sehemu kubwa ya marejesho kwa fomu ambayo mtu angeijaza kwa dakika chache. Zamani wengine waliwasainisha wateja hati ya kukabidhi haki yote ya marejesho. Tangu 15 Machi 2023 makabidhiano ya namna hiyo hayana nguvu kisheria, ingawa mteja bado anaweza kumruhusu wakala apokee fedha kwa niaba yake, kwa hiyo kila saini isomwe kwanza. Ujumbe wa simu au barua pepe unaoahidi marejesho na kuomba namba za benki ni wa matapeli, kwa kuwa HMRC haitangazi marejesho kwa njia hizo. Mwenye kipato kidogo aliyekwama husaidiwa bure na shirika la TaxAid, na aliyefika miaka 60 na Tax Help for Older People.

Anayefunga virago katikati ya mwaka kurudi Mombasa au Dar es Salaam hujaza fomu P85, akiambatisha P45 yake. Kiasi cha msamaha cha miezi iliyobaki huingizwa kwenye hesabu, na mara nyingi kuna cha kurudishwa. Fomu hiyo nayo haina ada.