Kijana Amerudi na Cheti

Kila mwaka watoto wetu hurudi Njombe kutoka vyuoni, na nyumba nzima hufurahi. Lakini miezi ikipita, jirani huuliza, “Je, amekwisha kupata kazi?” na kijana huanza kujificha chumbani. Hapo ndipo wazazi hushikwa na haraka, na haraka hiyo yaweza kuiletea nyumba hasara.

Kazi nyingi za Serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Kijana huomba mwenyewe kwa simu au kompyuta, wala halipi kitu. Basi akija mtu mwenye mavazi mazuri, mwenye kutaja majina ya wakubwa, akataka fedha ili asukume barua, jueni ya kuwa ni mwizi. Naye ajua mali ya mzee ilipo: ni shamba la miti. Mpaini hutaka miaka kama 15 au zaidi ndipo ufae kwa mbao. Mzee akiuza miti michanga ili amlipe mtu huyo, amepoteza mara mbili, maana kazi haipati, na mbao hana.

Liko jambo jingine lionekanalo dogo, nalo huwakwamisha wengi: majina. Mtoto aliandikwa jina la ukoo shuleni, kisha sekondari akaandikwa jina la ubatizo, na kitambulisho cha Taifa kina jina la tatu. Hapo hana budi kutafuta hati ya kisheria ya kuyapatanisha, na siku za kuomba ni chache. Mwalimu, wewe ndiwe uandikaye jina la kwanza daftarini. Tafadhali uliza cheti cha kuzaliwa kabla ya kuandika. Tena karatasi ya muda ya matokeo haikubaliwi katika maombi hayo. Chataka cheti chenyewe.

Na wakati wa kungoja je? Twendeni Makambako. Hapo njia ya Songea hutengana na barabara kuu iendayo Zambia, na reli ya TAZARA, iliyojengwa miaka ya 1970, hupita papo hapo. Mahindi, viazi na mbao hupita mji huo. Aliyesoma uhasibu asione haya kwenda ghalani kuomba kuandika hesabu, hata kwa ujira mdogo, mradi akiondoka apewe barua ya kumshuhudia. Aliyesoma kilimo ana maparachichi: mche uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka kama mitatu. Vijana wakijiunga kikundi, waweza kuomba mkopo usio na riba katika halmashauri, ambayo hutenga asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kwa ajili yao. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa 2024.

Neno kwa akina mama: siku ya usaili vyeti halisi hutakiwa. Visiwekwe darini juu ya jiko, maana katika baridi yetu ya Juni na Julai moto hauzimwi, na moshi hauchagui karatasi.