Nyoka wa porini akigoma kula, pima joto kwanza
Na Mwandishi Wetu

KATIKA bustani na mabonde ya Amerika Kaskazini, kuanzia Kanada hadi Ghuba ya Mexico, kuna nyoka mwembamba mwenye mistari mirefu mgongoni ambaye wenyeji humwita gata. Jina hilo linatokana na mikanda ya kushikilia soksi waliyoivaa wazee wa zamani.

Kwa kawaida gata hana madhara kwa binadamu, ingawa akishikwa hutoa majimaji yanayonuka vibaya. Kwa sababu hiyo watoto wengi humtia ndooni na kumpeleka nyumbani. Wiki moja baadaye huwa hajala kitu, na wazazi huanza kuhangaika.

Wengi hukimbilia kubadilisha chakula. Aghalabu tatizo liko kwenye joto.

Mwili wa nyoka hautengenezi joto lake wenyewe kama wa binadamu. Bila joto la nje, tumbo lake halifanyi kazi. Akila, chakula humwozea tumboni naye hukitapika. Porini hujipangia mwenyewe: huota jua juu ya jiwe, kisha hujificha chini ya gogo.

Kwa hiyo kizimba chake hakipaswi kuwa na joto moja. Upande mmoja uwe na taa ya kuota yenye nyuzi joto 30 hivi za Selsiasi, na upande wa pili ubaki na nyuzi 22 hadi 24. Usiku joto linaweza kushuka kidogo. Pasha kwa kifaa chenye kidhibiti joto, na upime kwa kipimajoto, si kwa kiganja. Mawe ya umeme yauzwayo madukani yameunguza nyoka wengi, kwani mnyama huyu huweza kulala juu ya kitu kinachomchoma bila kuondoka.

Msimu nao una neno lake. Huko Narcisse, katika jimbo la Manitoba nchini Kanada, makumi ya maelfu ya gata hulala majira yote ya baridi ndani ya mapango ya mawe ya chokaa. Aliyekamatwa wakati wa vuli huenda anagoma kwa sababu mwili wake umeanza kujiandaa kwa usingizi huo. Kumweka sebuleni penye ubaridi wa wastani ni kumtesa: hapati baridi ya kumlaza, wala joto la kumeng'enya chakula.

Hofu ni sababu nyingine. Mpe maficho mawili, moja kila upande, na bakuli la maji, kisha umwache siku kadhaa bila kumshika. Akiwa na macho yenye ukungu anakaribia kujivua gamba, na wakati huo kukataa chakula si jambo la ajabu.

Chakula cha kuanzia ni nyungunyungu wa bustanini. Wale wekundu wa kwenye mboji waepukwe, kwa kuwa hutoa majimaji yanayoweza kumdhuru. Baadaye vitoto vya panya vilivyogandishwa na kuyeyushwa vipakwe harufu ya nyungunyungu au samaki, na taratibu atavizoea.

Kwenye samaki ndiko wengi hupotezea nyoka wao. Samaki wa dhahabu wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na kugandisha hakukiondoi. Nyoka hunenepa vizuri, kisha siku moja hupinda shingo, hupoteza mizani na kutetemeka. Daktari wa mifugo akiwahi, sindano ya vitamini hiyo huweza kumwokoa. Samoni na trauti hawana kasoro hiyo.

Aidha, nyoka wa porini huja na minyoo ya tumboni, hivyo kinyesi chake kipimwe.

Kabla ya yote, ulizia sheria ya mahali ulipo. Gata wa San Francisco, kwa mfano, analindwa na sheria ya Marekani tangu mwaka 1967. Na ikiwa nyoka bado hali licha ya joto na utulivu, arudishwe upesi palepale alipokamatwa, kabla ya baridi kuingia, mradi hakuchanganywa na wanyama wengine wa kufugwa.