Chozi la Ugenini si Upungufu wa Imani



Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Vanga, pana binti aliyemfuata mumewe Uingereza au kijana aliyekwenda kutafuta riziki Ghuba. Siku ya safari hufurahiwa na mtaa mzima. Yanayofuata huyasikia mama peke yake, usiku, kwenye simu: binti analia, hana hamu ya chakula, wala hajui kimlizacho.

Nasaha yetu ya kwanza kwa wazazi ni kuwa msimkemee. Ziko kauli mbili zilizozoeleka: "Wenzako wanaitamani nafasi hiyo," na "Hiyo ni imani haba." Ya kwanza humfunga mdomo, ya pili humtwika hatia juu ya huzuni.

Na tuwatazame waliokuwa bora kuliko sisi. Mwaka 622 Waislamu walipohama Makka kwenda Madina, Abubakar na Bilal, Mwenyezi Mungu awawie radhi, walishikwa na homa. Bi Aisha alipowazuru, Bilal alikuwa akighani beti za kulitamani bonde la Makka na nyasi zake zinukiazo. Naye ndiye Bilal aliyeteswa katika mji uo huo! Habari ilipomfikia Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuwalaumu. Alimwomba Mola awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka, au zaidi. Dua hiyo haikuwataka waisahau Makka. Wahenga wetu nao walinena: mkataa kwao ni mtumwa.

Tufahamu pia kwamba mwili nao huhama. Kwetu Mombasa, wakati wa Magharibi haupishani hata kwa saa moja mwaka mzima. London, mwezi wa Desemba, jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Juni huzama baada ya saa tatu usiku. Aliyezoea adhana kila upande na jirani aingiaye kwa hodi moja, hujikuta nyuma ya dirisha lililofungwa, giza limeingia, mume bado yuko kazini. Huzuni hapo si ajabu.

Tiba ya Madina ilikuwa dua, kisha udugu na kazi. Mtume aliwaunga Muhajirina na Ansari wawili wawili, kila mgeni na mwenyeji wake. Saad bin Rabii alitaka kumgawia Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake; Abdurrahman akamwombea baraka, akauliza soko liliko, akarudi na jibini na samli.

Basi binti yetu naye atafute mwenzi mmoja kabla ya kutafuta kumi: msikitini, katika darasa la lugha, au mlango wa pili. Awe na shughuli ya kumtoa nje jua lingalipo. Apike mahamri yake, amwonjeshe jirani. Mume akumbuke kuwa mkewe amewaacha watu wake wote kwa ajili yake. Kumsikiliza ni katika kuishi naye kwa wema. Nasi tuliobaki nyumbani, simu zetu zisiwe za orodha ya mahitaji tu. Na ikiwa wiki zapita hapati usingizi wala hamu ya kula, amwone daktari, kwani kutafuta dawa ni katika mafundisho ya Mtume wetu.

Mola awapendezeshee waliko, wala asiwasahaulishe walikotoka. Amin.