Tanuri la Bani na Kuni Zinazopotea



Mkulima wa tumbaku ya mvuke huchochea tanuri ili joto lipite katika mabomba na kuufikia mzigo wa majani ndani ya bani. Siku za mwisho joto hutakiwa kufikia nyuzi 70 hivi ili mshipa wa kati wa jani ukauke. Lakini katika ukaguzi wangu nimegusa kuta za nje za matanuri mengi nikaondoa mkono upesi. Joto hilo lililoniunguza ni kuni za mwanachama, nazo zimo katika deni lake.

Sehemu ya tanuri iliyo nje ya bani izungushiwe ukuta wa pili wa matofali, ikiachwa nafasi ya upana wa kiganja, kisha nafasi hiyo ijazwe majivu makavu. Majivu hushika hewa kati ya chembe zake, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Sisi wa Segese tumebahatika, kwani pumba za mpunga zimelundikana mashineni. Ila zisitiwe zikiwa pumba, maana zitaungua polepole humo ukutani; zichomwe kwanza. Juu pakandikwe udongo wa kichuguu, mvua isiingie. Majivu yaliyolowa hayafai kitu.

Mabomba ya ndani yasifunikwe kamwe, kwa kuwa hayo ndiyo yatoayo joto. Nyufa zake zizibwe: moshi ukipenya jani hushuka daraja, na cheche ikipenya bani huteketea pamoja na mzigo.

Katibu asiidhinishe maombi ya kuni za msimu kabla hajaliona tanuri lenyewe likiwaka.