Kidonda cha Jicho Kisichoshonwa

Mwenzetu akirudi Pangani baada ya kupasuliwa ndani ya jicho, jirani humwuliza kwanza: "Umeshonwa nyuzi ngapi?" Akijibu kwamba hakushonwa hata mmoja, wengine hutikisa kichwa na kusema mganga amemwachia tundu wazi. Maneno hayo humtia mgonjwa hofu bure. Basi, yafaa tujue ukweli wake.

Ndani kabisa, nyuma ya jicho, mna utando mwembamba uitwao retina. Ndio upokeao nuru. Bila huo hatuoni. Pengine utando huo hutoboka na kubanduka. Mtu hasikii maumivu, bali huona vimulimuli, vidoa vingi vyeusi vya ghafula, kisha kivuli kama pazia. Mwenye dalili hizo aende hospitali siku ile ile, asingoje. Huko ataelekezwa kwa waganga wa macho wa hospitali kubwa, kama KCMC ya Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro yanakotoka maji ya mto wetu.

Mganga wa retina huingia kwa matundu matatu katika weupe wa jicho: moja la kupitisha maji, moja la taa, na moja la chombo cha kukatia. Robert Machemer alipoanza upasuaji wa namna hii huko Miami, Marekani, mwaka 1970, chombo chake kilihitaji tundu la zaidi ya milimita 2, nalo halikuwa na budi kushonwa. Mwaka 2002 vilitangazwa vyombo vya tundu la nusu milimita tu.

Je, tundu hilo hufungwaje? Mganga halichomi wima, hulichoma mshazari. Amalizapo kazi, nguvu ya maji yaliyomo jichoni husukuma kuta za tundu zikalaliana na kujifunga. Kisha hulikandamiza kidogo kwa pamba na kulitazama. Likivuja, hulishona kwa uzi mwembamba kuliko unywele, ambao huyeyuka wenyewe baada ya majuma kadhaa. Jicho la mtoto mara nyingi hushonwa, maana weupe wake ni laini. Basi aliyeshonwa na asiyeshonwa wote wametendewa vema.

Lakini mganga hufunga nusu tu. Nusu ya pili ni kazi ya nyumbani. Tundu likifunguka, jicho hulegea, na vijidudu vikiingia huweza kulipofusha kwa siku chache. Kwa hiyo:

Mgonjwa asilisugue jicho, na usiku alifunike kwa kikinga alichopewa. Anayemtia dawa anawe mikono kwa sabuni kwanza. Maji ya mto na ya bahari yasifike jichoni, wala asiinue mizigo mizito, mpaka mganga aruhusu.

Akiwa ametiwa gesi jichoni, alale kama alivyoagizwa, hata kama ni kifudifudi. Asipande ndege wala milima, kama ya Lushoto, kwa maana gesi hiyo huvimba mtu apandapo juu, ikalikaza jicho.

Dawa za majani, asali na maziwa ya mama visitiwe kamwe. Tunasoma katika Kitabu cha Tobiti jinsi mzee yule alivyoponywa macho kwa nyongo ya samaki. Hiyo ilikuwa kazi ya Mungu kwa mkono wa malaika Rafaeli, wala si agizo kwa wavuvi wetu kutia nyongo machoni.

Maumivu yakizidi, jicho likiwa jekundu zaidi, au nuru ikipungua, rudini hospitali mara moja. Msione haya juu ya nauli. Jumuiya na ichange. Tarehe 13 Desemba tunamwomba Mtakatifu Lusia atuombee macho yetu. Ni vema sana. Naye anayemwombea jirani yake na amchotee maji pia, asije akainua ndoo mwenyewe.