Kambale Wanapojificha: Tuwasaidieje Walizoee Tangi?

Baadhi ya kamati za parokia zilizoanza kufuga kambale katika matangi hutuuliza: mbona samaki wanajikunyata pembeni na hawali? Wafadhili nao wakitembelea mradi huona maji matupu, wakadhani fedha zimepotea. Katika makala hii tunaeleza sababu na nini kifanyike.

Kambale ni samaki wa usiku. Kwa asili huishi katika mito, mabwawa na vinamasi, na hutafuta chakula gizani kwa sharubu zake. Tangi la saruji lenye maji maangavu na jua kali humtia hofu. Kifaranga mwenye hofu hali vizuri, hudumaa na huugua upesi. Wachache wanaokula hukua haraka, kisha huwameza wenzao wadogo. Hivyo ndivyo mtaji wa kikundi unavyoyeyuka bila mwizi kuonekana.

Tunashauri yafuatayo:

1. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi siku moja au mbili kabla ya kuweka samaki.

2. Vifaranga waletwe asubuhi au jioni. Mfuko uelee juu ya maji ukiwa umefungwa kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Kisha maji ya tangi yaongezwe kidogo kidogo, na samaki watoke wenyewe.

3. Sehemu ya tangi ifunikwe kwa makuti au turubai, na ndani viwekwe vipande vya mabomba ya plastiki wajifiche humo. Nafasi iachwe kati ya kifuniko na maji, kwa kuwa kambale huja juu kuvuta hewa.

4. Siku ya kwanza wasilishwe. Baadaye wapewe chakula kidogo, hasa jioni, mahali pale pale. Mabaki yaondolewe yasichafue maji.

5. Watengwe kwa ukubwa mara kwa mara.

Tunaziomba kamati zisiwakimbize samaki kwa wavu ili wageni wapige picha. Nanyi ndugu wafadhili, mkija mchana msiwaone samaki, msikate tamaa. Ombeni daftari la mradi: vifaranga walioingizwa, waliokufa, chakula kilichotumika na uzito uliopimwa. Au subirini hadi jioni, saa ya kulisha. Hapo maji yatakapochemka kwa samaki, mtaona wenyewe sadaka yenu imefika wapi.