"Mtoto wa Kambare" Asiyekua: Uainishaji wa Amphiliidae na Tatizo la Istilahi

Kando ya Mto Ruvu, huko Mlandizi, samaki mdogo mwenye sharubu huweza kuitwa "mtoto wa kambare". Kwa msemaji wa kawaida jina hilo halina kasoro. Kwa mtaalamu wa istilahi lina kasoro kubwa, kwani huyo aitwaye mtoto pengine ni mzee katika ukoo wake.

Tunaokusudia kuwajadili hapa ni Amphiliidae, familia ya samaki wa maji baridi wapatikanao Afrika peke yake. Jenasi ya Zaireichthys ina spishi ambazo hata zikipevuka hazifikii sentimita 5, ilhali kambare wa kawaida, Clarias gariepinus, hupita mita 1. Ukubwa, hata hivyo, si kigezo cha kutegemewa. Kambare ana jozi nne za sharubu na pezi refu la mgongoni. Amphiliidae wana jozi tatu, pezi fupi, na nyuma yake kipezi kingine cha shahamu.

Wanasayansi nao hawakuafikiana mara moja. Mwaka 1889 Pfeffer alimweleza samaki wa vijito vya Unguu kwa jina la Anoplopterus uranoscopus, yaani "mtazama mbingu", kwa kuwa macho yake yako juu ya kichwa. Leo yumo katika jenasi ya Amphilius. Jina hilo lilitandazwa hadi Kenya, mpaka mwaka 2010 Thomson na Page walipowatenga samaki wa Mto Athi kuwa spishi nyingine, A. athiensis. Zaireichthys nao waliwekwa kwanza katika Bagridae, kisha Claroteidae, kabla ya kuhamishiwa walipo sasa.

Kwa hiyo istilahi kama "kambare wa milimani" haitufai. Amphilius hung'ang'ania mawe ya vijito vya mlimani, lakini baadhi ya Zaireichthys hukaa mchangani. Tungependelea "amfilidi", jina lisilodai lolote kuhusu makazi. (Biolojia ilikwisha kukopa "ngeli" kwetu, safari hii na tukope sisi.)

Suala hili si la kamusi tu. Clarias huweza kuvuta hewa na kuvumilia matope. Amphilius huhitaji maji yaendayo kasi, yenye oksijeni nyingi. Mtafiti akiwauliza wakazi wa bonde la Ruvu iwapo kambare wametoweka, huenda akajibiwa, tena kwa ukweli mtupu, kwamba wapo tele, naye akaandika hivyo.